Siku Niliyogombea Pampu

Nilipogombea uenyekiti wa kijiji chetu cha wakimbizi, Nakivale, Uganda, sikutaka makubwa. Nilitaka ufunguo wa pampu ya maji. Ulikaa mfukoni mwa mwenyekiti, mwenye ng'ombe wengi kuliko sisi sote, na kila asubuhi ng'ombe wake walikunywa kwanza. Sisi wanawake tulikaa juu ya madumu yetu, watoto mgongoni, jua likitupiga, tukingoja wanyama washibe.

Wazo lilinijia mjini Mbarara. Nilikuwa nikipeleka maharage mtaa wa Kakoba, kwa mama mmoja Mwislamu mwenye duka la vitenge. Serikali ilikuwa mpya, kila mtaa umechagua kamati yake, na mama huyo alikuwa mmoja wa wanakamati. Nilimwona kwa macho yangu akimkatiza mwanamume maneno, na yule mwanamume akanyamaza! Nilirudi Nakivale kichwa kimevimba.

Jirani yangu, ambaye nilikimbia pamoja naye kutoka Burundi, ndiye aliyenifanyia kampeni pale pale pampuni. "Bamama bote bako na wewe," aliniambia. "Chagua tu nguo ya kuvaa." Na kweli, kila mmoja aliapa. Mume wangu alicheka tu, nikadhani ni kicheko cha kukubali. Ujinga wangu ulianzia hapo.

Kura zenyewe zilikuwa za kupanga mstari. Wagombea mnasimama mbele, mmewapa watu kisogo, na anayekutaka anakuja kusimama nyuma yako. Kugeuka hakuruhusiwi. Afisa aliyetoka Mbarara akapaza sauti: "Kila mutu asimame nyuma ya mutu yake! Hapana kusukumana!" Nikasikia kandambili, nikasikia watoto wakilia nyuma yangu, mmoja, wawili, nikaacha kuhesabu. Nilitabasamu peke yangu mbele ya ukuta wa ghala. Mungu anisamehe, nilikuwa nimeshaanza kupanga zamu za maji.

Tulipoambiwa tugeuke, nyuma yangu walikuwa wanawake watano, wote wajane. Hawakuwa na mtu wa kuwauliza nyumbani. Wengine wote walikuwa kwa mwenyekiti, kila mke mbele ya mumewe kama mbuzi anayepelekwa sokoni, na vile vilio vya watoto vilikuwa vya mstari ule. Mume wangu alikuwa wa tatu. Jirani yangu alikuwa wa kumi hivi, anatazama vidole vyake vya miguu.

"Bwana alikuwa ananiangalia, dada," aliniambia makofi yakiwa bado yanapigwa. "Ningelala fasi gani?"

Nilimtukana. Mpaka leo sijamwomba msamaha, na hasira ninayo bado, ingawa najua mumewe angemlaza nje.

Mwenyekiti alinishukuru mbele ya watu kwa kuuchangamsha uchaguzi, akanitangaza katibu wa wanawake papo hapo, bila mstari wala kura. Kazi yangu ya kwanza ilikuwa chai ya wageni. Moyoni nilikataa. Kinywani nilisema, "Ndiyo, mzee." Nikachukua dumu nikaenda pampuni. Ng'ombe wake walikuwa wanakunywa. Nikakaa nikangoja wamalize, ndipo nikachota maji ya chai ya ushindi wake.