Nani Anatoa Maneno Jikoni kwa Mama

Mimi ni mtu wa kushuku. Nikiingia mahali watu wawili wakanyamaza, najua walikuwa wananisema mimi. Mtu akinipigia kunisalimia tu, nasubiri ataje shida yake. Kwa hiyo siku ile mwenzangu wa ofisini aliponisogezea simu yake wakati wa chakula cha mchana, akasema, "Dada, mwone huyu mama, utakufa," yeye alicheka peke yake. Mimi niliitazama ile video mara mbili, wali ukapoa.

Alikuwa mchekeshaji mmoja wa hapahapa Arusha, kijana wa kiume, kitambaa kichwani na shuka begani, anaigiza mama wa huko mlimani. Mama huyo amepeleka kuku kanisani kama sadaka. Baada ya ibada, kama ilivyo kawaida yetu, mazao na mifugo iliyotolewa inapigwa mnada pale nje, na jirani asiyeelewana naye anamtaka yule kuku. Mama anashindwa kuvumilia. Anapandisha bei mwenyewe mpaka anamnunua kuku wake, anarudi naye nyumbani kwapani. Kufika jikoni anamweka karibu na moto, anamwambia taratibu, "Pole mwanangu, nilipitiwa."

Nilimjua yule kuku. Yule wa kweli ni mwekundu, na kidole chake kimoja kimekatika. Mambo ya mnadani usharika mzima uliyaona, sawa. Lakini "pole mwanangu, nilipitiwa" ilisemwa jikoni kwa mama yangu, huko juu kijijini Olmotonyi, Jumapili moja, tukiwa wanne tu mbele yake: mimi, kaka yangu, mke wake, na mdogo wetu wa kike anayesoma chuo. Mmoja wa hao watatu alikuwa anamwanika mama yangu mtandaoni ili watu wamcheke. Niliumia, na nikaapa kumjua.

Kitu kimoja tu kilinitia shaka. Kila video ya yule kijana iliishia kwa maneno yaleyale: "Haya, mimi nimemaliza. Sema wewe." Kisha anaikodolea kamera macho, kimya, muda mrefu, na hapo ndipo watu wanapovunjika mbavu. Maneno hayo sikuwahi kumsikia mama akiyasema hata mara moja. Mji mzima ulikuwa umeshayadaka. Muuza parachichi sokoni anayasema, msusi wangu anayasema, bosi alifungia nayo kikao. Hata mimi niliyatumia, na nilijisikia mtu wa kisasa.

Nikazitazama video zake zote, moja baada ya nyingine, bando likaisha nikaongeza. Nyingine hazikutuhusu, nikacheka bila wasiwasi. Ile ya mama aliyesikia kwamba simu inasikiliza mazungumzo ya watu, akaizika ndani ya ndoo ya unga, kisha akapika ugali akiwa amenuna kwa sababu hana wa kuongea naye, niliipeleka kwenye grupu la familia kwa mkono wangu mwenyewe. Mdogo wangu akacheka kwa maandishi. Wifi akaweka kidole gumba. Kaka hakujibu, na kaka hujibu hata matangazo ya misiba ya watu asiowajua. Nikaliweka hilo akilini. Mama naye akatuma voisi ndefu, ambayo kama kawaida hakuna aliyeifungua.

Niseme kidogo kuhusu hizo voisi. Tulimnunulia mama simu ya kupangusa ili tusiwe tunamkosa, na kwa kuwa herufi ndogo zinamsumbua macho, yeye hubonyeza na kuongea. Anatuma asubuhi, anatuma jioni, kwenye grupu na kwa mmoja mmoja. Kwangu zilikuwa zimelala nyingi. Nyingine nilizianza, nikasikia salamu na habari za mvua, nikaziacha hapo. Nilikuwa nangoja nipate nafasi.

Mshukiwa wangu wa kwanza alikuwa wifi. Anaishi boma moja na mama, na ana tabia ya kucheka na simu kisha kuifunika kifuani mtu akipita. Krismasi nilipopanda nyumbani nilimtazama siku nzima. Akiinuka kwenda kisimani namtazama, akirudi namtazama. Mdogo wangu naye sikumwacha, maana wanafunzi siku hizi kila kitu kwao ni maudhui. Kaka nilimweka wa mwisho, lakini nilimweka.

Kisha nikawatega. Wifi nilimwambia, siri yake na yangu, kwamba mama ameniagiza miwani ya jua ya ng'ombe kwa kuwa anatokwa machozi mchana. Mdogo wangu nilimwambia mama alimwamkia yule dada wa kwenye mtambo anayesema salio lako halitoshi, akakasirika hakuitikiwa. Kaka nilimwambia mama hataki tena kupigwa picha upande wa kushoto, eti sikio la huko ni kubwa. Yote uongo mtupu, na uongo mtamu. Ningekuwa mchekeshaji ningeuiba. Nilichotakiwa kufanya ni kusubiri nione upi utatokea.

Nilisubiri wiki tatu. Hakuna hata mmoja uliotokea.

Kilichotokea ni video ya mama anayempigia binti yake aliyeko mjini. Binti anapokea, nyuma yake kuna mvumo mkubwa, anasema, "Mama, nipo kwenye kikao, nitakupigia." Mama anauliza, "Kikao gani kina upepo hivyo?" Simu imeshakatwa. Mama anaitazama, anamgeukia kuku aliyelala karibu na moto, anamwambia, "Yuko kwenye kikao." Halafu anasema amemaliza, "Sema wewe," na kukodoa macho.

Mimi huyo. Siku ile mama aliponipigia nilikuwa saluni, Themi, kichwa kikiwa ndani ya draya. Chini ya video watu walikuwa wanamtukana yule binti wa mjini, na nilizisoma komenti zote, mpaka za waliomwombea laana. Aibu niliyoipata siwezi kuisimulia vizuri. Lakini akili yangu haikukaa kwenye aibu, ilikimbilia mahali ilipozoea: lazima wifi alikuwa amesimama dirishani kwa mama, anasikiliza.

Jumamosi nikapanda Olmotonyi bila kupiga simu, nisije nikampa mtu nafasi ya kujiandaa. Getini nilikuta ndama mweusi mwenye baka jeupe usoni, sijawahi kumwona, akataka kulamba gauni langu. Nikadhani ni wa jirani amepotea, nikamfukuza kwa mkoba. Wifi alikuwa uani anamenya ndizi.

"Wifi," nikasema hata kabla ya salamu, "siku mama aliponipigia nikiwa kwenye kikao, wewe ulikuwa umesimama wapi?"

"Kikao kipi? Kile chenye upepo?"

"Nilijua tu ni wewe!"

Akaweka kisu chini. "Wifi, tangu Krismasi unanitazama kama mwizi. Ukaniletea miwani ya ng'ombe, nikajua unanipima, nikanyamaza kwa heshima. Siku hiyo unayoisema nilikuwa kliniki na mtoto, muulize kaka yako. Na kabla hujaniuliza mimi, umemuuliza mama?"

Mama alikuwa anatoka bandani na ndoo ya maziwa. Nikamwamkia, akaitikia, akauliza ni jambo gani hilo la kuulizwa.

"Mama, nani anampelekea maneno yako yule kijana wa video?"

"Mimi," akasema, akaiweka ndoo chini.

Wifi akaendelea kumenya ndizi zake. Mama akaeleza kama mtu anayeeleza bei ya mbolea: wifi alimwonyesha video moja zamani, akaona yule kijana amefunga kitambaa vibaya, akamtumia voisi kumwelekeza. Kijana akajibu. Akauliza kwa hiyo anafungaje. Mama akamjibu, na tangu hapo hawajaacha. Akanipa simu nione. Voisi za mama na voisi za yule kijana zilipokezana juu mpaka chini. Nikabonyeza moja ya kijana: "Shikamoo yeyo, umeamkaje? Yule kuku anataga bado?" Alimwita yeyo, kama tunavyowaita mama zetu sisi.

"Mama, watu wanakucheka!"

"Wananicheka vizuri. Si na wewe uliicheka ile ya unga?"

"Anakulipa nini?"

"Ananiamkia," akasema. "Na ananisikiliza mpaka mwisho. Najua, kwa sababu anauliza maswali."

Akabeba ndoo yake akaingia jikoni kuchemsha chai. Wifi nilimwomba msamaha palepale, vibaya vibaya, akasema tutaongea ndizi zikiiva. Mimi nikaenda kukaa nyuma ya jiko, kwenye hori la ng'ombe, nikafungua simu yangu mwenyewe.

Ya unga ilikuwemo. Niliianza, nikakuta mama ananisimulia mimi, siku nyingi kabla ya video, na anacheka katikati mpaka anakohoa. Ya kikao ilikuwemo pia. Aliituma jioni ileile, akinipa pole ya kazi. Nikarudi nyuma zaidi, nikaikuta ya mwezi wa kumi na moja. Alisema ng'ombe mweusi anamwona kama ana mimba, lakini kaka anabisha. Alisema, "Ukija mwishoni mwa wiki mshike tumbo, uniambie wewe." Nami safari hii sikukata.

"Haya," mama akasema simuni, "mimi nimemaliza. Sema wewe."

Halafu kimya. Nilidhani imeisha, lakini sekunde zilikuwa zinaendelea kuhesabu. Nikasikia kuku, nikasikia mtu anavuta pumzi. Alikuwa bado amebana kitufe, ananisubiri nijibu. Nikafungua nyingine, ikaishia hivyohivyo. Na nyingine.

Mama alisikia sauti yake, akachungulia kwenye dirisha la jiko juu ya kichwa changu. "Hiyo ya lini?"

"Ya mwezi wa kumi na moja, mama. Ya ng'ombe kuwa na mimba."

"Ah, hiyo imepitwa," akasema. "Ameshazaa. Mtoto wake ndiye huyo uliyemfukuza getini."