Kiapo cha Bwana Shebe

Niliusikia mji kabla sijauona vizuri. Umeme ulikuwa umekatika, ngazi zilikuwa giza tupu, na kutoka ghorofa za juu ulishuka mlio mkali, kama wa paka anayechunwa akiwa hai: unarefuka, unakatika, unaanza tena. Nikasimama. Shangazi Zainabu, aliyenitangulia akipapasa ukuta, akacheka na kuniambia ni utepe wa gundi tu, watu wanafunga marobota. Nami nikaushika ukuta. Kiganja changu kilirudi kimelowa.

Dar es Salaam niliiacha kwa sababu ya tamthilia. Katika baraza letu la waandishi vijana nilikuwa nimesoma tanzia niliyoijenga kwa mfano wa Wayunani wa kale: mtu mkubwa, mwenye heshima, si mwovu, anayeangushwa na kosa alilolitenda bila kulijua. Wenzangu walisikiliza kwa adabu. Kisha mmoja akasema shujaa wangu ananuka karatasi, kwa kuwa mimi mwenyewe sijapata kumwona mtu mkubwa akianguka. Maneno hayo yalinichoma hadi nikakosa usingizi. Shangazi, anayenunua nguo za watoto China, alikuwa akitafuta mtu wa kumsaidia mizigo. Nikafunga begi.

Tulipita Dubai, tukapita Hong Kong, na kutoka huko tukapanda basi. Njia nzima ukungu ulikuwa umelala juu ya mashamba, na ndani yake watu walitokea na kumezwa bila sauti. Basi likatushusha Liuhua, mtaa wa Guangzhou ulio jirani na stesheni ya reli, alasiri isiyokuwa na jua. Majengo yote yalikuwa yamekatwa vichwa na ukungu.

Nyumba yetu ilikuwa nyuma ya barabara ya Huanshi Zhonglu. Watanzania waliipanga kwa pamoja, Waislamu wa pwani na Wakristo wa bara, wakila chungu kimoja. Ulikuwa msimu ule ambao upepo wa joto huingia kutoka baharini na nyumba za Guangzhou hutoka jasho. Vioo vilitiririka. Shati nililolifua lilikaa kambani siku baada ya siku, likazidi kuwa zito. Asubuhi moja nilikuta nyayo sakafuni, zimeanzia mlangoni, zimefika katikati ya sebule, zimeishia hapo. Shangazi alisema ni unyevu tu unaofufua alama za jana. Lakini nilimwona akizizunguka, hakuzikanyaga.

Mkubwa wa nyumba alikuwa Bwana Shebe wa Unguja, mrefu, sauti yake ikikufikia kabla yake. Pale hakuna aliyeweza kujaza kontena peke yake. Walichangia moja, Bwana Shebe akapanga mizigo ya wote kwa mikono yake, akafunga milango, akasema bismillahi. Mzigo wa mnyonge aliuweka mahali pazuri kuliko wake. Nilipofuatana naye Zhanqian, kwenye majumba ya nguo za jumla, wauzaji walimwita laoban, yaani tajiri, wakainuka vitini.

"Mwandishi, muogope huyu," alininong'oneza Elia, kijana wa Mbeya anayenunua mashati. "Akikohoa, bei inashuka."

Nilicheka, ila macho yangu yalikuwa kwenye masanamu ya kuvalishia nguo. Yalisimama safu kwa safu, na nyuso zao nyeupe zilidondosha maji kidevuni. Nikawakumbuka waigizaji wa Wayunani, waliovaa vinyago ili uso usibadilike hata maneno yanapombomoa mtu. Nilifurahi, Mungu anisamehe. Niliona nimepata pambo la tamthilia yangu.

Jumapili, baada ya adhuhuri, Bwana Shebe alirudi kutoka dukani kwenye simu za nje, akasimama katikati ya sebule. Kontena walilolipakia kabla sijafika lilikuwa limefunguliwa Dar es Salaam. Kila robota lilikuwa limeota kuvu. Mwaka mzima wa kazi ya watu wale ulikuwa umeoza. Mwanamke mmoja akakaa chini palepale. Bwana Shebe akainua mkono.

"Wallahi, aliyeingiza maji katika kontena lile, hata awe nani, atatoka nyumba hii. Hapakii nasi tena."

Kila mtu alielewa uzito wake. Asiyepakia na wenzake hapakii kabisa. Biashara yake imekufa. Kiapo hicho nilikuwa nimekiandika nyumbani, katika kinywa cha mfalme wa kubuni.

Akamhoji kila mmoja. Wote wakamgeukia Elia, ambaye mashati yake yalifika mwisho, siku ya mvua.

"Mzee, mashati niliyafunika nailoni," alisema Elia. "Aliyelowa ni mimi."

Hakuna aliyecheka. Bwana Shebe alimwambia afunge vitu vyake, kesho aondoke.

Jikoni nilimkuta Shangazi akikoroga sufuria iliyokwisha kuiva. Akaniambia kwa sauti ya chini. Binti yake alikuwapo bandarini Dar es Salaam wakati wa kushusha, naye alimpigia simu: kuvu lilipanda kutoka chini. Kwa kuogopa unyevu wa msimu, Bwana Shebe alikuwa amenunua mikeka ya mianzi kwa fedha zake, akaitandika kwenye sakafu ya kontena ili nguo za watu zisiguse chuma. Mianzi ilikuwa mibichi. Ilipofungiwa ndani, katika joto la bahari, ikatoa maji yake yote. Aliukimbia unyevu, kumbe aliutandika.

Nilimuuliza mbona amenyamaza. Akasema alipofiwa na mumewe, ni Bwana Shebe aliyemshika mkono. Nikamuuliza, na Elia? Akaendelea kukoroga.

Kwenye chakula cha jioni sahani ya Elia haikuguswa. Bwana Shebe alimtazama Shangazi.

"Zainabu, wewe una neno."

"Usiniulize, kaka."

"Nakuuliza."

"Tumwachie Mungu. Mzigo umekwisha kuoza."

"Nimeapa mbele ya watu. Sema."

Shangazi akamtazama Elia, kisha akasema. "Ni mikeka, kaka. Ile uliyoitandika."

Kuta zilidondosha maji. Nilisikia tone moja moja. Bwana Shebe akauliza, kwa sauti ambayo sikuijua, kama mikeka ilikuwa mibichi. Shangazi akaitikia kwa kichwa. Bwana Shebe akaigeuza mikono yake, akaitazama mbele na nyuma kama ya mtu mwingine.

Asubuhi ya safari yangu ya kurudi, begi langu lilikuwa mlangoni, na la Bwana Shebe kando yake. Wote walimsihi. Walimkumbusha kwamba kiapo kina kafara, alishe maskini au afunge, abaki.

"Kafara naijua," alisema. "Lakini kwa neno lile nilitaka kumtupa mtoto wa watu nje. Lilimtosha yeye, litanitosha na mimi."

Nilikuwa nimedhani shujaa wa tanzia huangushwa na miungu, au na kiburi. Nilikosea. Mlango wa kunyamaza ulikuwa wazi, Shangazi aliushikilia kwa mikono miwili, Bwana Shebe akakataa kupita. Aliuliza hadi mwisho, na jibu lilipokuwa yeye, hakulipunguza. Hakulia, wala hakutoa hotuba. Zile nilizokuwa nimemwandikia mfalme wangu nilizionea aibu.

Elia alimshika begi. "Mzee, kaa. Nani atatupakilia?"

"Utapakia wewe," alisema Bwana Shebe, akilichukua begi polepole. "Anza kukagua kilicho chini."

Akashuka. Tulisikia hatua zake kwenye zile ngazi za giza, moja moja, hadi zikapotea. Elia aliuacha mlango wazi muda mrefu, kana kwamba mtu angerudi. Kisha akausukuma. Ulikuwa umevimba kwa unyevu, ukagoma, ikambidi auegemee kwa bega zima ndipo ukafungwa.