Mgongo wa Ejvind Haukudondoka

Hapa mjini Randers huwezi kutembea mbali bila kupita ukuta uliojengwa na Ejvind Mosegaard, na kila ukuta ulichukua chake kiunoni mwake. Nimekuwa mwashi pamoja naye tangu ujana, kwa hiyo mkinisikia nafoka, nivumilieni.

Mwaka jana kiuno kilimgeuka kabisa. Akiinama kuchota saruji alibaki hapohapo, mikono magotini, akijifanya anakagua mstari wa matofali. Hospitali walimpiga picha wakakuta pingili za mgongo zimesagika. Akaomba halmashauri impe pensheni ya mapema, maana bila hiyo ni kupanda jukwaa la waashi mpaka afe. Wakasema kwanza apimwe nguvu za mgongo. Mkewe Jytte akaniomba nimsindikize, kwa kuwa anamjua mumewe.

Mpimaji alikuwa binti mpole. Alimlaza Ejvind kifudifudi, akamfunga miguu kwa mikanda, kifua na kichwa vikiwa nje ya kitanda, akamwambia ajinyooshe kama ubao na ashikilie hivyo mpaka achoke.

“Ukiumia, baba, acha tu. Hakuna zawadi hapa.”

Maskini binti wa watu, hakujua anaongea na nani. Sisi waashi tulikuwa na mchezo huohuo kila Ijumaa kwenye kibanda cha mapumziko, juu ya ubao, mwenzako amekukalia miguu. Anayedondoka kwanza ananunua bia. Ejvind hakuwahi kununua. Nilipoiona shingo yake inakakamaa, nikajua mambo yameharibika. Jasho lilimchuruzika puani, midomo ikawa myeupe. Nikainama nikamnong'oneza:

“Dondoka, bwana. Leo anayedondoka ndiye anayeshinda.”

“Toka hapa, Kaj. We si ulikuwa unadondoka hata bia hazijapoa?”

Akashikilia. Binti alitazama saa yake, akasema hata vijana wa mazoezi hawafiki hapo. Ejvind akacheka, kicheko ambacho sikuwa nimekisikia siku nyingi. Kisha ikabidi tumbebe wawili kumshusha.

Halmashauri wakajibu kwamba mgongo unaostahimili namna ile unafaa kwa kazi. Picha za hospitali hazikufua dafu. Niliwatukana wote, halmashauri, binti na Ejvind mwenyewe, na haikusaidia kitu.

Jytte hakumgombeza. Alimuuliza tu, mbele yangu, kwenye meza ya kahawa:

“Ungejiachia, ungepungukiwa nini?”

Ejvind akakisukuma kikombe chake pembeni.

“Ndicho kitu pekee nilichobaki nakiweza,” akasema.

Amerudi jukwaani. Nikimpitia asubuhi namkuta Jytte amepiga magoti mlangoni, anamvalisha soksi na kumfunga kamba za viatu, kwa sababu mwenyewe hazifikii. Ejvind, kitini, hutazama ukutani mpaka Jytte amalize. Halafu mkewe humshika kwapani, humnyanyua, na kumkabidhi kwangu twende kazini.