Jua Lisikukute Kitandani

Ufagio ule nausikia hadi leo, mwanangu. Chwa, chwa, chwa, kimya kidogo anapoinama kuokota jani, halafu chwa tena. Nakumbuka alfajiri moja ulinyamaza katikati ya ua. Mimi nilikuwa kitandani, macho wazi, nausikiliza, na uliponyamaza nikatabasamu. Tabasamu hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Ngoja nikueleze lilitoka wapi.

Niliolewa Ujiji nikitokea Kagunga, nimemaliza darasa la saba na kichwa kimejaa ndoto. Niliota nitakuwa mke wa kusifiwa mtaa mzima. Siku ya kuondoka, mama yangu alinishika mkono pale ufukweni kabla sijapanda boti, akaniambia neno moja tu: "Ukiwa kwa watu, mwanangu, jua lisikukute kitandani." Nikalifunga neno lile kwenye pindo la khanga, nikaondoka nalo.

Mume wangu Issa alikuwa mvuvi wa dagaa. Usiku yuko ziwani na taa zake, asubuhi anarudi, anakula, analala. Kwa hiyo nyumbani tulikuwa wawili, mimi na mama yake, Bi Zuhura, Mha mcheshi, mwenye mdomo, aliyependa kazi kuliko chakula. Asubuhi ya kwanza niliamka adhana inalia, nikatoka na ufagio, najiona hodari. Lo! Ua umeshafagiliwa, mistari imenyooka kama kichwa cha mtoto aliyesukwa, na mwenyewe amekaa kwenye kigoda anakoroga uji.

"Mwakeye, bibi harusi!" Ndiyo salamu ya asubuhi ya Kiha hiyo, na aliitoa kwa sauti ya kusikika hadi kwa jirani. "Kitanda kimekubali kukuachia?"

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Rudisha ufagio, utachoka bure."

Aibu niliyoipata, wee acha! Kesho yake niliamka kabla ya adhana, nikamkuta anamalizia. Keshokutwa yake nikaamka giza bado zito, nikafagia kwa kupapasa, na alipofungua mlango nikawahi mimi: "Mwakeye, mama!" Akacheka kidogo, akakaza khanga yake kifuani kama mtu anayeingia ngomani.

Hapo ndipo tulipoanza. Fahari wawili hawakai zizi moja, na wafagiaji wawili nao kumbe hawakai ua mmoja. Nikiamka mapema, yeye anaamka mapema zaidi. Jirani yetu Mama Shabani akapiga kelele dirishani, "Nyie! Wazee wanasema kufagia usiku kunafukuza riziki. Nyie mtafukuza hata mwezi!" Tulicheka wote watatu. Lakini kucheka si kulala, mwanangu.

Mimi nilikuwa msichana, usingizi nilikuwa naudokoa mchana. Siku moja nilisinzia jikoni mpaka samaki wetu wa migebuka wakawa makaa, siku nyingine kunguru walijilia dagaa nilioanika huku nikiota nimenunua cherehani. Bi Zuhura hakudokoa. Alikuwa anaumwa kichwa, anatafuna vidonge vya dukani, na tukipanda kile kilima cha kutoka sokoni alikuwa anasimama na kushika kifua. Nikimuuliza, anasema, "Nakungoja wewe, unatembea kama kinyonga." Nami nilikuwa mbele yake. Mficha maradhi kifo humuumbua, lakini wakati ule niliona ni utani wake wa kawaida.

Issa ndiye aliyemlazimisha kwenda zahanati, nami nikamsindikiza. Muuguzi alimfunga mkanda wa presha mkononi, akapima, akarudia kupima.

"Bibi, unalala saa ngapi?"

"Nikimaliza kazi."

"Na kuamka?"

"Kabla ya huyu." Akaninyooshea midomo.

Muuguzi hakucheka. Akasema, "Presha yako iko juu, bibi. Chumvi ipo, umri upo, lakini na huku kutolala kumo. Umewaona wapagazi wa pale bandarini Kibirizi na magunia? Mchana moyo wako ndiyo hivyo, unapanda na mzigo. Usiku ukilala vizuri, mapigo yanatulia, presha inashuka, moyo unatua mzigo. Wewe huupi pa kuutua. Siku zote hizo, unategemea nini?"

"Nikifa nitalala, mwanangu."

"Ndicho ninachokukataza." Akampa dawa, akamwambia kila usiku alale kwa muda wa saa saba au nane. Kisha akanigeukia mimi. "Na wewe, mkwe, msaidie."

Msaidie. Neno dogo kabisa. Ningeweza kumwambia njiani, mama, kuanzia kesho hakuna atakayeshika ufagio mpaka jua litoke. Au ningejilaza tu, jua linikute, mtaa useme utakavyo, ili na yeye ajilaze. Sikufanya hata moja. Unajua niliwaza nini? Niliwaza: sasa atalala kwa amri ya muuguzi, basi ua ni wangu.

Alfajiri iliyofuata nilisikia ufagio. Chwa, chwa, chwa. Nikaudhika, nikabaki kitandani. Mara ukanyamaza. Nikatabasamu, nikasema moyoni, leo umechoka, kesho nakushinda. Nikangoja mwendo wa miguu yake. Sikuusikia. Nilipotoka, nusu ya ua ilikuwa na mistari, nusu ina majani, naye amekaa chini ameegemea pipa la maji, jasho linamtiririka na ubaridi wote ule, mkono kifuani.

Hakunisalimia.

Hospitali walimwokoa siku ile. Nilipokuwa namlisha uji kitandani aliniangalia sana, akaniuliza, "Hivi wewe mtoto, kilichokuwa kinakuamsha ni nini?"

"Nilikuogopa wewe, mama. Nilijua utaniona mvivu."

"Ati nini!" Akacheka mpaka akakohoa. "Mimi nilikuogopa wewe! Nilisema huyu msichana ana nguvu, akiniona nimelala atamwambia mwanangu mama yako amezeeka, anakula bure."

Tulicheka, mwanangu, machozi yakatutoka, kisha yakaendelea kutoka kicheko kimeisha.

Aliishi kidogo baada ya hapo, akilala kama mtoto, dawa hakosi. Lakini moyo ulikuwa umeshachoka. Wanasema majuto ni mjukuu. Kwangu mimi majuto yalimtangulia mjukuu, na mjukuu mwenyewe hakumwona bibi yake.

Kwa hiyo nisikilize, wewe unayejisifu kuwa unakesha, uwe unakesha na biashara, na simu, au na hofu ya maneno ya watu. Usingizi si uvivu. Ndiyo zamu ya moyo kutua mzigo, na moyo ukinyimwa zamu yake hautagomba nawe. Unabeba tu, unabeba, mpaka siku unaponyamaza katikati ya ua. Kichwa kikikuuma kila mara, kifua kikikubana, nenda ukapime, usifanye utani. Na ukiona mwenzako halali, usimpongeze. Muulize anamwogopa nani. Huenda ni wewe.

Mama yangu aliniombea jua lisinikute kitandani. Alinipenda, na ndivyo alivyojua kupenda. Mimi nakuombea kinyume chake: Mungu akupe usiku mzima, akupe moyo usio na haraka, na jua likukute kitandani, umelala, unaota.

Wiki hii mwanangu wa kumzaa, Zuberi, ameleta mke hapa nyumbani, Rehema, msichana mzuri, ana haya. Jana alfajiri niliamshwa na chwa, chwa, chwa uani. Basi usiku, walipokwisha kuingia chumbani kwao, nilitoka taratibu, nikauchukua ufagio, nikauingiza chini ya kitanda changu. Nikafunga mlango kwa ufunguo, nikalala.