Kitana cha Tangi la Perege

Nilichomoa waya wa pampu kwa mkono wangu, saa saba mchana, wageni wakila, mwanangu mgongoni. Meneja alikuwa amemaliza kuniambia, kwa sauti iliyofika hadi jikoni: "Chagua, dada. Unyonyeshe au ufanye kazi. Sakafu yangu si josho la ng'ombe."

"Bosi," nikamwambia, "simama hapo hapo ulipo."

Hoteli yenyewe iko Basotu, jirani na ziwa. Ukumbini kuna tangi la kioo refu kuliko kitanda, lina perege hai, mgeni anachagua wake. Kulitunza ilikuwa kazi yangu. Kwenye kona kuna kisanduku chenye meno kama kitana. Maji yakifika kwenye meno yanamwagikia humo, yanashuka kwa bomba hadi tangi la pili lililofichwa kabatini, na pampu inayarudisha juu. Kwa hiyo ukiongeza maji, juu hayapandi. Yanajaa chini tu, hata umimine ziwa zima.

Meneja hakutaka kuelewa. Kila asubuhi, shikamoo yangu haijapoa: "Marahaba. Ongeza maji, kioo kina pengo juu." Nikamwambia tupandishe kitana, vidole viwili tu, skrubu zinaonekana, na tangi la chini tuliachie nafasi. Akasema kitana kilifungwa na fundi kutoka Arusha, mimi nani? Mimi ni kidato cha nne, fizikia nilifaulu, lakini haya. Naongeza. Chini panafika ukingoni. Umeme unakatika kama kawaida yake, pampu inazima, maji yaliyo juu ya meno na ya kwenye mabomba yanashuka yote. Nafasi hakuna. Yanakwenda sakafuni.

Nilipewa barua mbili za onyo. Zote ziliandikwa "uzembe unaotokana na kunyonyesha". Siku ya barua ya kwanza mtoto alikuwa kliniki na bibi yake. Nani aliuliza?

Basi mchana ule nilipochomoa waya, maji hayakuchelewa. Hata sala ya Baba Yetu usingeimaliza. Yalitoka chini ya kabati yakamfikia meneja viatuni. Dereva mmoja wa mashine za kuvuna ngano akainua miguu yake juu ya kiti. "Bosi," akasema, "na leo aliyenyonyesha ni nani?"

Mama mpishi akaligeukia sufuria lake, mabega yanamtikisika. Mimi sikucheka.

"Umefanya makusudi," meneja akasema. "Kesho usije." Jioni akanipa barua ya kuachishwa. Nikaisoma nimesimama. Sababu: kunyonyesha. Hata makusudi yangu kampa mtoto.

Niliandika malalamiko kwenye karatasi za daftari, nakala mbili, nikapeleka kwa mtendaji wa kata. Aliyasoma polepole.

"Mama, hapa umejishtaki mwenyewe. Futa hii sentensi."

"Sifuti, mzee. Naomba mhuri."

Akagonga. Nakala yangu ninayo, inasema hivi: "Maji ya siku ya tatu niliyamwaga mimi, na nakiri. Ya siku mbili za kwanza yalimwagwa na amri ya kuongeza maji pasipo na nafasi. Mwanangu hakumwaga hata tone. Naomba neno kunyonyesha lifutwe kwenye barua zote tatu, na mimi nirudishwe kazini nikapandishe kile kitana. Bisibisi ninayo."