Maganda Kwenye Chumba cha Pendo

Mtaani kwetu Singida, njia ya kwenda Ilongero, ukimuulizia Antipasi utaulizwa kwanza, "Yupi? Yule wa mchicha?"

Mchicha hauzi, usije ukamfuata na kikapu. Antipasi ananunua waya chakavu: waya wa nyumba zilizobomolewa, waya wa magari yaliyokufa, waya wa mota zilizoungua. Anakaa kwenye kigoda mlangoni kwake, kisu mkononi, anachana ganda, anavuta shaba, ganda huku, shaba kule. Waya mmoja mmoja. Yaani taratibu kabisa, kama mama mkwe anachambua mchicha wa wageni.

Wenzake wote wanachoma. Unatupa waya motoni, unaenda zako kunywa chai, ukirudi ganda limeisha, shaba inakusubiri. Antipasi anashinda kutwa nzima kwenye kazi ambayo mwenzake anaimaliza kabla chapati haijapoa.

Frank, kijana mwenye kirikuu cha kubeba mizigo, akampiga picha akiwa ameinama na kisu chake, akatengeneza stika. Ikaingia kwenye kundi la mtaa. Tangu hapo mtu akichelewa kujibu meseji, anatumiwa Antipasi. Harusi ikichelewa kuanza, Antipasi. Umeme ukichelewa kurudi, Antipasi. Mwenyewe yumo kwenye kundi, na alikuwa anacheka na sisi. Kuna siku Frank alichelewa na mzigo wake, Antipasi akamrushia stika ile ile ya sura yake. Hapo ndipo wengi tulianza kumpenda.

Sababu ya kuchuna tulikuwa tunaijua, utani ulikuwa utani tu. Zamani na yeye alichoma, nyuma ya nyumba, kila jioni. Ana mtoto mmoja, Pendo, na Pendo ana pumu. Mwaka jana moshi wa baba yake ulimbana kifua mpaka midomo ikageuka rangi. Mkewe, Janeth, Mnyiramba wa Kiomboi, ni mtu wa maneno machache. Hakugombana. Mtoto alipopata nafuu alifunga nguo kwenye begi, akamwambia mumewe, "Siku moshi ukiisha, niite." Wakapanda basi, wakaenda Kiomboi kwa bibi.

Antipasi alizima moto siku hiyo hiyo. Hajawasha tena.

Sasa shida ya kuchuna ni kwamba ganda haliondoki. Ukilichoma linakuwa moshi, linaenda kuwasumbua watu wengine huko. Ukilichuna linabaki linakutazama. Mwanzoni aliwagawia kina mama wa mtaani ya kuwashia jiko, akaona jiko la jirani linatoa moshi mweusi tii, akaacha. Dampo nako wanachoma. Nje mbuzi wanatafuna, watoto wanatawanya. Nyumba ina vyumba viwili tu. Basi maganda yakaanza kulala kwa Pendo, kiroba kimoja, kingine juu yake, mpaka dirisha likazibwa.

Janeth alikuja Pasaka kuangalia. Alifungua mlango wa chumba cha mtoto, akasimama.

"Baba Pendo, umeondoa moshi, umeleta ghala."

"Haya hayana moshi, mama."

"Bati likishika joto hayanuki?"

Yananuka. Harufu ni ile ile, ila imelala. Janeth akafunga mlango polepole, kama anaogopa kuiamsha.

"Chumba kikiwa wazi nitarudi," akasema. "Ila uwahi. Mwalimu wa Kiomboi kasema Pendo hawezi kuendelea kusoma kama mgeni. Shule zikifunguliwa mwezi wa saba, ahamishiwe kule moja kwa moja au arudi kwao."

Hiyo ndiyo ikawa vita ya Antipasi. Viroba vitoke, visichomwe, kabla ya mwezi wa saba. Mtoto akishaandikishwa Kiomboi ni mtoto wa Kiomboi, baba atabaki mgeni wa sikukuu.

Mjini kuna mzee Abdulrazaki, ana uwanja wa plastiki na mashine ya kusaga. Ananunua ndoo zilizopasuka, madumu, viti vilivyovunjika mguu. Antipasi alikuwa akipita pale anachungulia. Aliona ndoo za bluu peke yake, nyekundu peke yake, nyeupe peke yake. Akasema, ahaa, siri ni rangi. Akarudi nyumbani, akamwaga viroba vyote chini, akaanza upya. Maganda mekundu kiroba chake. Meusi chake. Yale ya njano yenye mstari wa kijani, chake. Tulicheka mpaka mbavu zikauma. Frank akapita akapiga honi: "Antipasi, umehamia kwenye kupanga shanga?"

"Subiri," akamjibu. "Mtakuja kunisalimia kwa shikamoo."

Alipomaliza alivipiga picha viroba vikiwa vimefunguliwa midomo. Bana, ilikuwa picha. Rangi zinang'aa kama duka la vitenge. Akamtumia mzee Abdulrazaki kwa simu, na maneno: *Shikamoo mzee, nina mzigo huu, naweza kuleta kesho?*

Mzee akajibu kwa dole gumba.

Dole tu. Bila neno. Wewe na mimi tunajua dole la wazee: dole ni "nimeona", dole ni "usiku mwema", dole ni kidole kimeteleza. Antipasi aliona mkataba. Akampigia Janeth hapo hapo, sauti imempanda hadi majirani wanasikia.

"Njooni kesho! Chumba kinakuwa wazi kesho!"

"Umeuza?"

"Mzee amekubali. Pandeni basi la mchana."

"Baba Pendo, usinipandishe basi bure."

"Naapa mama. Njooni."

Kesho yake Frank akaleta kirikuu. Viroba vikatoka vyote, chumba kikafagiwa, kikapigwa deki, dirisha likaonekana tena. Antipasi akatandika kitanda cha mtoto mwenyewe. Wakaondoka, mzigo juu, Antipasi amekaa juu ya mzigo kama bwana harusi.

Mzee Abdulrazaki ni mtu mpole, hilo tuseme. Aliitikia shikamoo, akatazama viroba, akasifia usafi. Halafu akamega ganda jekundu, akalitupa kwenye pipa la maji lililokuwa pembeni.

Likazama.

Akachukua jeusi. Likazama. La njano na kijani likazunguka mara moja, likawafuata wenzake chini.

"Kijana, hii sichukui."

Antipasi akadhani anatania. "Mzee, si nimetenga rangi?"

"Rangi ni baadaye. Kwanza maji. Ndoo inaelea, dumu linaelea. Mashine yangu inasaga vinavyoelea. Hiki kinachozama ni plastiki ya aina nyingine, ikiingia kwenye mzigo wangu inaunguza, kiwanda kinanirudishia lori zima."

"Lakini uliniwekea dole."

"Dole la picha, mwanangu. Picha ilikuwa nzuri."

Antipasi akaingiza mkono kwenye viroba, kimoja baada ya kingine, anatupa na kutupa kwenye pipa. Vyote chini. Mwisho kipande kimoja cheupe, kutoka waya wa antena, kikabaki juu kinaelea. Mzee akakiokota.

"Hiki nachukua," akasema, na hakuwa anamcheka. "Ukipata vingi vya hivi, lete."

Frank akaanza kurudisha viroba kwenye kirikuu.

Wakasimama barabarani na mzigo. Kurudi nao nyumbani maana yake urudi chumbani, na basi lilikuwa limeshatoka Kiomboi. Antipasi akapiga simu kwa huyu, kwa yule. Nani anataka maganda? Hakuna. Walipokuwa wanarudi polepole wakamkuta Mughwai, mfyatua matofali, amesimama kwenye tanuri lake nje kidogo ya mtaa. Moto umewaka, kuni zinakaribia kuisha.

"Mmebeba nini hicho?"

"Maganda ya waya," Frank akasema.

"Nipeni. Kuni siku hizi ni kama dhahabu. Hili tanuri linakula chochote."

Antipasi akabaki amekaa juu ya viroba. Ukimwona uso ungefikiri ameombwa mtoto.

"Mughwai, mimi haya sichomi."

"Huchomi wewe. Nachoma mimi."

Frank akainua mkono hewani kupima upepo. "Unaelekea bondeni, kaka. Hauji kwetu hata kidogo."

Ni kweli, mchana ule upepo ulikuwa unasukuma moshi wote upande wa mashamba ya alizeti, mbali na nyumba. Antipasi alitazama moshi ukienda. Alitazama simu yake. Halafu akashuka.

"Basi choma sasa hivi," akamwambia Mughwai. "Yote. Yaishe kabla basi halijafika."

Walishusha viroba wenyewe. Nyekundu, nyeusi, njano na kijani, miezi yote ile ya kisu, vikaingia kwenye midomo ya tanuri. Antipasi hakusubiri kuona. Alienda stendi kwa miguu.

Pendo alishuka kwenye basi na mfuko wa karanga wa bibi. Kitu cha kwanza alichomwambia baba yake: "Baba, na mimi ninayo stika yako. Iko kwenye simu ya bibi." Antipasi alicheka mpaka akajifuta macho. Frank aliwapakia wote watatu mbele, wamebanana, mtoto anahoji kila kitufe kwenye gari.

Janeth aliingia chumbani peke yake kwanza. Akanusa ukuta. Akainama akaangalia chini ya kitanda. Akakaa juu ya godoro.

"Umeweza," akasema.

Halafu, kwa sababu chumba kilikuwa kimefungwa muda mrefu, akafungua dirisha.

Mtu wa Singida anajua upepo wetu, au anapaswa kujua. Jua likishuka unageuka. Kila anayeanika mtama anajua, kila anayepepeta anajua. Antipasi anajua tangu akiwa mtoto. Mchana ule hakutaka kujua. Na maganda hayaishi kama nyasi. Ndani ya tanuri lililopangwa matofali, moto haupati hewa ya kutosha, yanafuka tu, yanafuka. Jua lilipozama moshi ukarudi wote mtaani, mweusi, mchungu, ule unaokwaruza koo kama umemeza tindikali.

Watu walifunga milango. Kwenye kundi la mtaa wakaanza kuuliza nani anachoma nini.

Pendo alikuwa anapanga karanga kwenye kitanda chake. Alikohoa mara ya kwanza, wakamgeukia. Alikohoa tena. Janeth alifunga dirisha, lakini moshi ulishaingia, na mtoto alishainua mabega juu, anavuta hewa haiji. Dawa ya kuvuta ilipulizwa, ikapulizwa tena. Frank aliendesha kirikuu kile kuelekea hospitali, taa zimewashwa, honi haikomi.

Alipona. Wauguzi walimvalisha kifaa cha hewa, kifua kikalegea, akalala. Janeth alikuwa amekaa upande mmoja wa kitanda, mumewe upande mwingine.

"Ule moshi ulikuwa wa nani?" Janeth akauliza.

Angeweza kumtaja Mughwai. Sisi wote tungemtaja Mughwai.

"Wangu," Antipasi akasema. "Nilimpa mimi. Nilimwambia achome."

Janeth akamtazama. Usoni hakuwa na hasira, na nadhani hiyo ilikuwa mbaya zaidi.

"Uhamisho nitaandika kule," akasema. "Usiniite tena, Baba Pendo. Sitaki kukukatalia kila mara."

Siku Pendo aliporuhusiwa, walitoka hospitali moja kwa moja hadi stendi, hata nyumbani hawakupita. Antipasi alisimama chini ya dirisha la basi ameshika mfuko wa karanga uliosahaulika kitandani. Alipokumbuka kuwapa, basi lilishatoka.

Frank alifuta ile stika. Hakuna aliyemwambia aifute. Wengine bado wanayo kwenye simu zao, lakini hakuna anayeituma.

Waya bado unaletwa mlangoni kwa Antipasi, na bado anachuna. Juzi Frank alimuuliza, kwa upole kabisa, mbona asichome tu kama wenzake, sasa ambapo hakuna mtoto wa kuumia. Antipasi alimaliza waya aliokuwa nao, akakusanya maganda, yote kwenye kiroba kimoja, hatengi rangi tena. Kilipojaa, alikibeba begani, akasukuma mlango kwa mguu, akakiweka kwenye chumba cha Pendo, juu ya shuka aliyoitandika mwenyewe.