Kijitabu Nilichokataa Kukikata

Mume wangu ana utani wake mmoja ambao hauchoki. Nikimwekea chai mezani anainusa kwanza, ananitazama, halafu anauliza kama leo ndiyo siku yake. Yote ni kwa sababu ya sanduku la bati lililo chini ya kitanda chetu. Humo nimehifadhi vijitabu vya zamani vya kesi za mauaji, vile vilivyochapishwa enzi za mkoloni kesi ikishaisha, vikauzwa kwa watu waliotaka kusoma nani alimuua nani na jaji alisema nini. Nilianza kuvikusanya nikiwa mpiga chapa mahakamani, kazi niliyoifanya hadi nikastaafu, na sioni aibu yoyote. Wengine hukusanya vikombe.

Isiolo ni pazuri kwa karatasi. Hewa ni kavu, ukungu haupati nafasi. Shida ni mchwa, na hao nawazuia kwa majani makavu ya mwarobaini.

Kijitabu ninachotaka kukieleza nilikipata kwa muuza vitabu vya mitumba huko Nanyuki, chini ya rundo la magazeti ya kilimo. Nilipokifungua nusura nipige kelele. Ilikuwa kesi ya huku kwetu: mchungaji wa mifugo aliyechomwa mkuki kwenye kisima upande wa Kipsing, na mchungaji mwenzake akashtakiwa. Zaidi ya hayo, kurasa nane za mwisho zilikuwa bado zimefungana. Zamani wachapaji walipiga chapa karatasi kubwa, wakaikunja na kuishona, na kazi ya kukata mikunjo ikaachiwa msomaji na kisu chake. Mwenye kijitabu hiki hakuwahi kukikata. Kwa sisi wakusanyaji, nakala ya namna hiyo ni lulu, na ukiikata umeiharibu. Kwa hiyo nilikuwa na kesi nzima isipokuwa mwisho wake, na nilijivunia hivyo hivyo.

Sikuweza kujizuia kabisa. Siku moja niliubinua mkunjo kwa chini na kuchungulia, jicho moja limefumbwa. Niliona mstari mmoja tu wa Kiingereza: mshtakiwa huyu, na si mwingine, ndiye aliyemuua marehemu. Basi, nikasema, jamaa alinyongwa. Nikakirudisha sandukuni.

Jirani yangu hapa Wabera ni mama mzee aliyelea watoto wake wote kwa biashara ya maziwa ya ngamia. Mtaa mzima humwita Ako, yaani nyanya, nami humwita hivyo ingawa mimi mwenyewe nina wajukuu. Kila asubuhi huniletea lita moja. Anasema salaam aleikum, najibu aleikum salaam, yeye anakwenda zake na mimi najiandaa kwenda jumuiya ya kanisani. Asubuhi moja hakwenda zake. Alikaa kwenye kigoda changu na kuweka mtungi chini.

“Watu wanasema uko na vitabu ya kesi ya zamani,” alisema. “Ile ya baba yangu iko?”

Akanitajia jina la baba yake na la kile kisima. Ilikuwa ni ile ile.

Baba yake hakunyongwa, hilo alinieleza yeye mwenyewe. Alikaa rumande miezi mingi, kisha akarudi nyumbani, na hadi anakufa hakusema neno ila kwamba serikali ilimwachilia. Watu ndio waliosema. Walisema wakili alikuwa mjanja, walisema mashahidi walitishwa, walisema alimuua na akapona. Ako alikulia ndani ya maneno hayo.

“Jaji alisema nini?” aliniuliza. “Alisema si yeye, ama alisema tu aende?”

Nikamwambia kijitabu ninacho, ila kurasa za mwisho hazipo.

Nimejaribu mara nyingi kujipamba katika jambo hili. Huwa najiambia kwamba nilimhurumia, kwamba nilishauona ule mstari na sikutaka kumwekea mzigo huo uzeeni. Huruma ilikuwepo, sikatai. Lakini niliyemhurumia kwanza ni kijitabu. Neno “hazipo” lilitoka kinywani kabla sijamfikiria yule mama hata kidogo. Baadaye ndipo nikaitafuta ile sababu nzuri.

Hakunilaumu. Aliendelea kuleta maziwa kama kawaida, na hilo ndilo lililonitesa. Maziwa yalikuwa na ile harufu nzuri ya moshi wa mtungi wake uliofukizwa, na kila nikinywa naacha kikombe nusu. Mume wangu aliniuliza kama sasa ni mimi ninayeogopa sumu. Nilimjibu vibaya, na akanyamaza siku nzima, jambo ambalo kwake ni maajabu.

Karibu mwezi ulipita. Halafu Ako akaugua kifua, akakosa kuja siku tatu, nikaenda kumwona. Nilimkuta ameketi uani juani, amejifunika, sauti imebaki kidogo.

“Msichana yangu,” alisema, “mimi siogopi kwenda. Huko nitakuta baba yangu. Nataka tu kujua nitamsalimia namna gani.”

Nilirudi nyumbani karibu nikimbie. Nilitoa kijitabu sandukuni, nikakifunga kwa leso, nikarudi nacho mpaka pale uani. Nikamwambia ukweli wote: kwamba kurasa zipo, kwamba nilimdanganya, na kwamba mstari niliouona haukuwa mzuri.

“Kata,” alisema, akanipa kisu cha kukatia nyama.

Nikapitisha kisu kwenye mkunjo. Karatasi ililia ikipasuka, na ukingo wake ukabaki na manyoya manyoya. Nikaanza kusoma kwa Kiingereza kimyakimya na kumtafsiria kwa sauti, kama nilivyowasikia wakalimani wakifanya miaka yangu yote ya kazi.

Ule mstari wangu ulikuwepo, chini kabisa ya ukurasa. Yalikuwa maneno ya mwendesha mashtaka, akihitimisha upande wake. Jaji alikuwa hata hajafungua kinywa! Nilijiona mjinga wa wajinga, mimi niliyepiga chapa hukumu maisha yangu yote.

Nikafungua ukurasa uliofuata. Wazee watatu wachungaji walioketi na jaji kumshauri walikuwa wameomba shuka yenye damu aliyokamatwa nayo mshtakiwa itandikwe sakafuni. Wakaonyesha kwamba damu yote ilikuwa mgongoni, mbele hakuna hata tone. Anayemchoma mwenzake, walisema, damu humrukia mbele. Huyu alimkuta mtu ameshachomwa, akambeba mgongoni akiwa bado hai, akatembea naye kutoka kisimani mpaka kituo cha polisi, na yule akamfia njiani. Jaji alikubaliana nao. Aliandika kwamba mshtakiwa hakumuua marehemu, na kwamba mtu pekee aliyejaribu kumwokoa ndiye aliyefungwa. Aende nyumbani.

Nilipomaliza nilikuwa nahema. Sikumbuki lini tena nimewahi kuhisi mwili ukiwa mwepesi namna ile. Nilitaka kupiga vigelegele, nikamtazama Ako nikitegemea naye afanye hivyo.

Alikuwa anatazama viganja vyake.

“Nikiwa mtoto wanawake waliniambia hiyo mikono imeua mtu,” alisema. “Tukihama, baba anakuja anibebe, mimi nakimbia kwa mama. Akaacha kujaribu.” Alijipangusa uso kwa ncha ya shuka. “Alibeba mtoto ya wenyewe mpaka kwa serikali. Mimi hata siku moja sikukubali anibebe.”

Nilisogeza kigoda karibu yake tukakaa.

Baadaye aliniomba nisome tena, pale anapombeba tu. Nikasoma. Akaomba tena, nikasoma. Mara ya tatu alikuwa akicheka huku machozi yanamtoka, na kila nilipofika mahali baba yake anapoanza kutembea, alinishika mkono niende polepole.